Naomba ushauri: utaratibu wa kuwarudisha kundini waliotengwa (Moshi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wazee wa kanisa huku Moshi tunaandaa mwongozo wa kurudi kundini, yaani kuwapokea tena washirika waliotengwa na kanisa kwa sababu ya dhambi, na tumekwama sehemu mbili.

Mathayo 18:15-17 iko wazi: ndugu akikosa, kwanza mwonye ninyi wawili faraghani, akikataa uende na mmoja au wawili, ndipo kanisa liambiwe. Kosa la kawaida ni kurukia hatua ya tatu, mtu anasikia habari zake kwenye matangazo ya Jumapili. Kosa la pili ni adhabu isiyo na kikomo. Paulo katika 2 Wakorintho 2:6-8 anasema adhabu iliyotolewa na walio wengi inatosha, sasa wamsamehe mkosaji na kumfariji asije akamezwa na huzuni.

Halafu Yakobo 2:13, "Huruma hujitukuza juu ya hukumu." Wengi huunukuu kama kibali cha kunyamazia dhambi, wakati sura inaanza na tajiri mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye mavazi mabovu. Hoja ni upendeleo! Binti mjamzito anasimamishwa mbele ya usharika, kijana aliyempa mimba haitwi, na mfadhili wa harambee anamalizana na mchungaji ofisini.

Maswali: toba ya hadharani ibaki kwa dhambi iliyojulikana hadharani tu, au iondolewe kabisa? Na muda wa kutengwa uandikwe kwa miezi, au tuangalie toba yenyewe? Kwenu mnafanyaje?