Lindi: uwanja wa makaburi ya kanisa kuwa bustani ya umma, mawe yang'olewe au yabaki?

Mwana_Mtanda
Habari za jioni wakuu. Kuna uwanja wa kanisa hapa Lindi mjini, makaburi yake yalifungwa zamani. Ni mita kama 40 kwa 25, ukuta wa mawe ya matumbawe pande tatu, upande wa baharini umebomoka. Wazo ni pawe bustani ya watu wote: viti, kivuli, njia ya kupita. Kamati imegawanyika. Wengine wanataka mawe yang'olewe yaegemezwe ukutani ili nafasi ipatikane, wengine hawataki yaguswe kabisa. Fundi kashaandika mifuko 60 ya saruji kwa ajili ya ukuta na makaburi yaliyopasuka. Naomba ushauri wa wanaojua, hasa mpangilio wa kazi na kitu gani tusifanye.

Mzee_wa_Mikindani
Kabla ya mawe, tafuteni jibu la mifupa. Mkiacha mabaki yote chini, mnatengeneza bustani juu ya makaburi. Mkifukua hata kaburi moja kwa ajili ya bustani, mmeingia kwenye Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na hapo kuna taarifa kwa ndugu, fidia na kuzika upya kwa taratibu za dini. Bustani ya viti na kivuli haihitaji hayo. Kwa hiyo wekeni sharti moja la kuchimba: hakuna shimo linalozidi sm 30, liwe la mti, nguzo au bomba.

Pia mwiteni afisa wa mambo ya kale. Kaburi lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 bila kusubiri tangazo.

Jambo lenyewe si geni. London walifunga makaburi ya katikati ya jiji miaka ya 1850, kisha wakaanza kuyageuza bustani. Postman's Park ilifunguliwa 1880, na ukiingia unapanda, kwa sababu nafasi ilipokwisha maiti walikuwa wanalazwa juu ya ardhi na kufukiwa udongo. Sheria yao ya 1884 ilikataza kujenga majengo juu ya makaburi yaliyofungwa. Ya 1906 ikadai kwamba kabla ya kusogeza mawe, iandikwe orodha ya majina na tarehe, na watu watangaziwe miezi mitatu kabla. Hilo la orodha na tangazo igeni kama lilivyo, hata kama hamng'oi jiwe. Ila msiige tabia yao ya kupanga mawe ukutani. Jiwe likishatoka juu ya mtu wake halirudi, na mjukuu akija miaka 20 baadaye mtamwonyesha nyasi.

Orodha yenyewe: fungeni kamba uwanja mzima, viraba vya mita 5 kwa 5, kila kaburi lipewe namba, lichorwe kwenye ramani na lipigwe picha. Maandishi yaliyofifia yapigeni saa 3 asubuhi au saa 10 jioni, jua likiwa pembeni. Mkikosa jua la pembeni, mmoja ashike kioo cha kawaida na kurusha mwanga ukwaruze uso wa jiwe. Herufi zinatoa kivuli na kusomeka. Msipake unga wala chaki.

Fundi_Chokaa
Hiyo mifuko 60 irudishwe dukani. Tumbawe ni jiwe laini lenye vinyweleo, linavuta unyevu wa chini pamoja na chumvi. Likijengewa chokaa, unyevu unatokea kwenye viungo. Likipigwa saruji, kiungo kinaziba, maji yanatafuta njia kupitia jiwe, chumvi inaganda ndani ya uso na jiwe linaanza kumenyeka kama ganda la yai. Baada ya misimu michache utaona wavu wa saruji umesimama wenyewe na mawe yamerudi ndani.

Mchanganyiko: chokaa iliyozimwa na kulowekwa pipani, sehemu 1, mchanga mkali sehemu 3. Chokaa ikae majini miezi mitatu ukiweza, usishuke chini ya wiki tatu. Mchanga wa ufukweni usitumike hata ukioshwa. Ziba tabaka zisizozidi sm 1, kisha funika kwa magunia mabichi siku saba. Ikikauka haraka kwa jua na upepo wa kusi inabaki unga. Kwetu mvua ni msimu mmoja, kwa hiyo kazi hii ianze Juni, iishe Septemba.

Mawe yaliyosimama: jiwe likiyumba ukilisukuma kwa mkono mmoja, lisimamishwe upya kabla watoto hawajaingia. Theluthi ya urefu iwe chini, lishindiliwe kokoto na mchanga. Ukilimiminia zege, siku likigongwa litakatikia usawa wa ardhi. Lililovunjika vipande viwili lisiunganishwe kwa nondo, maana kutu ya nondo inavimba na kulipasua tena. Tumia pini za chuma kisichoshika kutu.

Kusafisha ni maji baridi yasiyo na chumvi na burashi laini ya plastiki. Limau, siki, maji ya betri, vyote vinakula marumaru na tumbawe. Jiki inaacha chumvi. Burashi ya waya mnajua wenyewe.

Kivuli_cha_Mkwaju
Nasogea kidogo upande wa wanaotaka nafasi: vipande vilivyolala bila kaburi linalojulikana vinaweza kusogezwa pembeni, namba zikiwa zimeandikwa. Viwekwe juu ya kokoto, sm 10 mbali na ukuta, visinyonye unyevu wake.

Mti wowote mpya uwe mita 5 kutoka kaburi la karibu. Mkwaju uliopo uacheni, mkate matawi makavu tu. Adui ni mkuyu unaoota kwenye ufa wa ukuta. Usiuvute, utatoka na jiwe. Kata, kisikini paka dawa ya kuua magugu kwa brashi siku hiyohiyo, na baada ya kukauka kabisa ndipo uzibe ufa. Katikati ya makaburi pandeni asmini na mrehani, mizizi yake haina madhara.

Nyasi ni ukoka, vipande sm 20 kwa 20, Desemba mvua zikishika. Sm 15 kuzunguka kila jiwe weka kokoto, kwa sababu mashine ya kufyekea ikigusa marumaru inaacha kovu jeupe. Na onjeni maji ya kisima kabla ya kumwagilia. Ya chumvi yataua ukoka na kuwarudishia tatizo la Fundi.

Mwana_Mtanda
Shukrani sana wakuu. Mawe yanabaki, nitawapelekea hoja. Yale makaburi yaliyotitia je, na njia?

Fundi_Chokaa
Yaliyotitia jazeni udongo kwa tabaka za sm 15, shindilia kwa miguu tu, wala msilete mashine. Liache limevimba sm 5, litashuka lenyewe. Njia ipite kati ya mistari, moramu sm 10 juu ya ardhi ilivyo, mwinamo sm 2 kila mita kuelekea upande uliobomoka, maji yatoke huko. Kwa hiyo huo ukuta mkiujenga, acheni matundu ya maji chini, moja kila mita mbili.