Mdogo wangu alikosa siku ya mahakama: tuseme aliugua au hakupata barua?

DadaMkubwa
Habari zenu ndugu. Mdogo wangu yuko Texas, aliomba hifadhi. Jaji wa uhamiaji ametoa amri aondolewe Marekani bila yeye kuwepo mahakamani. Tumejua juzi tu, tulipopiga simu ya mahakama na kuingiza namba yake ya A, ile namba ya faili lake la uhamiaji. Zimeshapita siku 97. Alikuwa amehama Houston kwenda Dallas, barua ya tarehe hakuiona. Na siku ile alikuwa kitandani na homa. Mmoja anatuambia tukate rufaa, mwingine tudai ugonjwa, mwingine tuseme hakupata taarifa. Tushike lipi? Silali.

Bahari76
Pole sana dada. Rufaa iacheni. Amri ya namna hii haiendi moja kwa moja kwenye Bodi ya Rufaa za Uhamiaji. Lazima kwanza mrudi mahakama ileile kuomba kesi ifunguliwe.

Zinabaki njia mbili. Ya ugonjwa ina ukomo wa siku 180, zinahesabiwa tangu tarehe ya amri, si tangu mlipojua. Na lazima uwe ugonjwa mzito wenye vyeti vya daktari. Homa ya kumeza dawa nyumbani jaji haipokei. Njia ya kutopata taarifa haina ukomo wa siku wala ada.

Ila msizichanganye ovyo. Mkiandika zote mbili, jaji atauliza: huyu alishindwa kuja kwa kuumwa, au hakujua kabisa kama ana kesi siku hiyo?

MamaImani
Mwanangu, usikimbilie kutuma. Ombi la namna hii unaruhusiwa moja tu. Mume wangu aliandikiwa kurasa mbili na mtu aliyejiita mtaalamu wa makaratasi, bila kiapo, bila ushahidi. Likakataliwa. Wakili wa kweli tuliyempata baadaye alitumia zaidi ya mwaka kurekebisha kazi ya siku moja. Mpaka leo naumia nikikumbuka.

Mkongo_Maine
Dada, alipohama alijaza fomu gani? Hapo ndipo watu wetu wengi wanaanguka. Kubadilisha anwani USCIS, idara ya serikali inayoshughulikia maombi ya uhamiaji, hakufiki mahakamani. Mahakama ina fomu yake, EOIR-33, na unapewa siku 5 tu. Kama hakuijaza na alishaonywa kwenye hati ya kuitwa, hoja ya barua inakuwa dhaifu mno.

Pia msitegemee kwamba hati ile ya kuitwa haikutaja saa ya kesi. Zamani ilisaidia, lakini Juni 2024 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Campos-Chaves kwamba barua ya baadaye yenye saa na mahali inatosha.

Ombeni nakala ya faili lote mahakamani kabla ya kuandika neno lolote.

DadaMkubwa
Narudi baada ya wiki mbili. Faili limefika. Fomu ya EOIR-33 imo, aliituma kweli! Lakini barua ya tarehe iliandikwa chumba namba 21, yeye anakaa 12. Bahasha imo pia, ina muhuri wa posta kwamba imerudishwa. Nimelia.

Bahari76
Alhamdulillahi. Sasa njia ni ya barua, na ugonjwa uwekeni kando. Hata hivyo pelekeni kabla ya siku 180. Mtu anayewahi anaaminika zaidi. Mkishawasilisha, amri ya kuondolewa inasimama yenyewe mpaka jaji aamue. Abebe nakala yenye muhuri wa kupokelewa kila anakokwenda. Kuna wanaoshauri mwombe mawakili wa serikali wakubali kufungua kesi pamoja nanyi. Ni njia halali, lakini hiyo haisimamishi amri yenyewe, kwa hiyo mimi nisingeanza nayo.

MamaImani
Na awe na kiapo chake mwenyewe, kwa maneno yake: alihama lini, fomu aliituma lini, amri aliijuaje. Mkataba wa nyumba uwekwe pia.

DadaMkubwa
Asanteni sana. Zimebaki siku 69, wakili tunamwona Jumatano. Mwenye nyumba amekubali kutuandikia. Barua ya kawaida inatosha?

Mkongo_Maine
Aape mbele ya mthibitishaji wa viapo (notary), ni bora zaidi. Ataje namba ya chumba na tarehe mdogo wako alipoingia. Na kama anamjua anayekaa 21, huyo naye aulizwe kama aliiona ile bahasha.

DadaMkubwa
Anamjua. Naenda kumpigia sasa hivi.