Dhoruba za Mshtarii zina kazi gani kwa mtoto wa Mtwara?

Mwalimu wa jiografia, Mtwara: Wadau, nafungua mjadala. Kwenye kikao cha wazazi imetolewa hoja kwamba watoto wa pwani wafundishwe vimbunga vinavyotufika sisi tu, habari za sayari ziachwe. Nilipinga, na hapa napinga tena.

Doa Jekundu Kuu la Mshtarii, sayari iitwayo pia Jupita, ni dhoruba inayofuatiliwa bila kukatika tangu karne ya 19. Upana wake ni takriban kilomita 16,000. Dunia yote inaingia humo. Mbona haifi? Chini yake hakuna nchi kavu ya kuipunguzia kasi. Tena imebanwa na mikondo miwili ya upepo inayopishana, inaviringishwa kama mpira kati ya viganja, na humeza dhoruba ndogo zinazoisogelea. Mtoto akishaelewa hapo, muulize kwa nini Kimbunga Kenneth kilidhoofika baada ya kuingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, Aprili 2019. Atajibu mwenyewe: kimeachana na joto la bahari, kimekutana na ardhi.

Mchangiaji, Lindi: Heshima yako mwalimu, ila utawachanganya. Doa lile ni mgandamizo mkubwa wa hewa, linazunguka kinyume na mwendo wa saa. Kimbunga chetu, kusini mwa Ikweta, ni mgandamizo mdogo na kinafuata mwendo wa saa. Mwaka 1952 kimbunga kiliipiga Lindi hii, na wajukuu hawana habari nacho! Tuanzie hapo.

Mwalimu: Ndugu yangu, hiyo tofauti ndiyo nataka waichore ubaoni, vyote viwili pamoja. Na 1952 iwemo, hapo umesema kweli. Lakini wajue pia kwamba hata majitu hupungua. Mwishoni mwa karne ya 19 Doa lilikaribia kilomita 40,000. Doa jeusi la sayari ya Neptuni lililoonwa na chombo cha anga Voyager 2 mwaka 1989 lilikuwa limetoweka kufikia 1994.

Mvuvi, Msanga Mkuu: Mimi nataka mwanangu aelewe tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisomwa redioni, ajue lini mashua isitoke. Hiyo Mshtarii itakula muda wa somo gani?

Mwalimu: Haili somo, kaka. Naomba dakika kumi ndani ya kipindi cha upepo. Zinazobaki njoo wewe, uwaeleze unavyoisoma bahari kabla ya kutoka.