De Gea au Ederson: kipa apimwe kwa mikono au kwa miguu?

Juzi barazani hapa Langoni, Lamu (mtaa wetu una jina la kazi yenyewe) tulibishana hadi kahawa ikapoa. Kijana mmoja akafungua simu, akatusomea asilimia za kuokoa (katika mashuti yaliyolenga goli, kipa kazuia mangapi), akasema kesi imekwisha: De Gea, aliyekuwa kipa wa Manchester United na sifa yake mikono, kamzidi Ederson, aliyekuwa wa Manchester City na sifa yake pasi za miguu. Mimi nasema asilimia hiyo peke yake ni mizani ya muuza samaki mjanja.

Kipa mmoja kapigiwa mashuti 10 yaliyolenga goli, kafungwa 3: asilimia 70. Mwenzake kapigiwa 3, kafungwa 1: haifiki hata 67. Nani bora? Hujui, mpaka uambiwe mashuti yalikuwaje. La mita 30 linalokuja kifuani na la karibu linalokwenda pembe ya juu, yote huandikwa moja. Ndiyo maana wachambuzi siku hizi hulipa kila shuti uzito wake, kwa pale lilipopigwa na pale lilipoelekea. Wanajumlisha mabao ambayo kipa wa kawaida angefungwa, kisha wanatoa aliyofungwa huyu. Ikibaki ziada, hiyo ni kazi ya mikono yake.

Mikono ya De Gea siibishii. Tarehe 2 Desemba 2017 Arsenal walimmiminia mashuti kwao Emirates, akaokoa 14, United wakaondoka na 3-1. Lakini 2022/23 alichukua tuzo ya Glavu ya Dhahabu ya Ligi Kuu ya Uingereza kwa mechi 17 bila kufungwa, na msimu ulipokwisha akaondoka, akaletwa kipa Onana kutoka Inter ya Italia. Mliotazama Sevilla wakiwafunga 3-0 Aprili ile mnajua sababu: miguu yake. Semeni, jirani zangu wa Mkomani na wa Shela.

Wa Mkomani: Ndugu yangu, huyo Onana si alikuja kwa sifa ya miguu? Novemba 2023 kule Istanbul, Galatasaray, faulo mbili za Ziyech zikampita, mechi ikaisha 3-3. Kipa kwanza adake! Pasi ana mabeki wa kumsaidia.

Wa Shela: Nyinyi mwaona nyasi za kwenye runinga. Sisi hucheza mchangani maji yakipwa. Kipa wetu kaona Ederson anavyofanya, Ijumaa akataka kumpa beki pasi fupi. Mpira ukanasa kwenye mchanga mbichi hatua tatu mbele yake, straika akauokota kama embe lililoanguka. Tangu siku hiyo tumemwambia: butua, mwanangu, butua mpaka kisiwa cha Manda.

Mimi tena: Wa Shela, hapo umenishika, mchanga hauna Ederson. Lakini wa Mkomani, asilimia za kuokoa hazioni shuti ambalo halikupigwa. Mkumbuke Neuer, kipa wa Ujerumani, na Algeria Kombe la Dunia 2014: alitoka nje ya boksi mara kwa mara, akawahi mpira kabla ya mshambuliaji. Mashambulizi yale yalikufa bila shuti, kwa hiyo kwenye hesabu ya kuokoa hayamo. Na Ederson 2024/25 alitoa pasi 4 za mabao Ligi Kuu ya Uingereza. Utaziweka safu gani?

Wa Mkomani: Ziweke safu ya viungo. Na siku Neuer akichelewa hatua moja?

Mimi: Anafungwa, shekhe, na watu wanamcheka wiki nzima. Bado namchagua. Wewe mpange De Gea wako, lakini mabeki wasimrudishie mpira.