Tupeane uzoefu: nyumba uliyouza, uliyonunua au iliyokutoa jasho

Dalali_wa_Kira
Habari zenu ndugu. Jana nilipita Kyaliwajjala, hapa nje ya Kampala, nikaona lango limeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Nikacheka peke yangu juu ya boda. Sisi watu wa kazi hii tukiona maandishi yale tunajua kuna mtu alishajaribu kuiuza, na huenda alishakula advansi.

Nimezungusha watu Kira, Najjera, Namugongo mpaka Seeta, na nimejifunza kuwatazama. Mwanamume akiingia anauliza kyapa, yaani hati ya ardhi, anauliza maji, halafu anatazama paa kama anajua kitu. Mwanamke anakwenda jikoni moja kwa moja, anasimama dirishani, ananyamaza. Akirudi sebuleni bila neno, hapo hakuna biashara. Nyumba zetu nyingi zimejengewa wageni: sebule unaweza kufanyia kwanjula, sherehe ya kutambulisha mchumba, jiko hawaenei watu wawili na sigiri moja.

Tena wauzaji! Nikimwambia mtu ondoa zile picha za arusi ukutani, punguza makochi, vua vile vitambaa vya kufuma kwenye kila mgongo wa kiti, ananuna. Mnunuzi anataka kuona mahali pa kuweka makochi yake yeye, si kuhesabu yako. Na rangi mpya iliyoishia usawa wa kiuno naiogopa. Chini yake kuna unyevu. Kabati kubwa likiegemea ukuta ambao halina kazi nao, naomba lisogezwe kabla sijamleta mteja.

Haya, tupeane. Wewe yalikukuta yapi?

Hajjati_Bombo
La kabati ni kweli tupu. Mimi nyuma ya kabati nilikuta ufa unapitisha mkono.

FundiRangi_Kawempe
Dalali, usitupake matope. Rangi inaishia kiunoni kwa sababu watoto wanachafua mpaka kiunoni, na mwenye nyumba ana hela ya debe moja. Si kila fundi anaficha unyevu.

Dalali_wa_Kira
Sijasema kila fundi.

FundiRangi_Kawempe
Umesema unaiogopa. Na nyinyi mnaochukua hela ya kuonesha nyumba halafu mnamwonesha mtu mizigo mitatu, yaani vyumba vya kupanga, iliyokwisha kupangishwa, tuwaogope au tusiwaogope?

MamaPacha
Banange, fundi kasema! Mimi nilizungushwa Bweyogerere kutwa nzima, nikalipa ya kuonyeshwa, nikalipa boda mbili, yangu na ya dalali. Chumba cha mwisho ndicho kile cha kwanza, tumekiingia kwa mlango wa nyuma.

Kaka_Ntinda
Hilo neno kyapa limenikumbusha jambo. Nitaandika refu kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa natafuta nyumba upande wa Kyanja. Nikaletwa kwa bwana mmoja mtaratibu, shati limepigwa pasi, anasema anauza haraka kwa sababu ya karo za watoto. Nyumba nzuri: vigae vya Kajjansi juu, milango ya mvule, ukuta wa uzio umekamilika. Kyapa anacho, cha mailo, ile ardhi ya kumiliki moja kwa moja, jina lake. Wakili wangu alikwenda ofisi ya ardhi ya kanda akafanya sachi, yaani kukagua rejista, ikatoka safi, hakuna mkopo wala kizuizi. Barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, ipo na mhuri wake. Bei iko chini kidogo ya soko, si chini sana ya kukutia wasiwasi. Wakili akasema kimebaki kitu kimoja tu, mke atie sahihi ya kuridhia, maana familia inaishi humo. Bwana akasema hakuna shida, mke yupo, njooni Jumamosi mumwone.

Jumamosi ile mama yangu alikuwa amekuja kutoka Arua. Nikamchukua aone nyumba ya mwanawe. Mama hajasoma sana, lakini anajua Kiswahili cha kambini, baba alikuwa askari. Tukakaribishwa na mwanamke amevaa gomesi, kapendeza, kapiga magoti kutusalimu. Mama akaomba maji ya kunywa. Yule mwanamke akaenda jikoni. Tunasikia kabati la kwanza linafunguliwa, linafungwa. La pili. La tatu. Maji yakaja ndani ya kikombe cha mtoto.

Mama akanywa, akashukuru, akasema nimsaidie kupika chai. Bwana akaruka: hapana mama, nyinyi ni wageni. Mama alishainuka. Wakiwa jikoni nikamsikia anauliza kwa upole kabisa, "Binti yangu, chumvi mnaweka wapi?" Nyinyi mnajua chai yetu kule haina chumvi.

Kimya. Halafu yule mwanamke akasema chumvi imekwisha. Na mtungi wa chumvi uko dirishani, umeandikwa.

Mama akarudi sebuleni, akakaa, akauliza habari za mazao na mvua. Alitazama ukutani, pale picha zilipokuwa zimetolewa. Misumari imebaki, na rangi ya chini yake ni mpya kuliko ya pembeni. Tulipotoka nje mbwa alikuwa anambwekea yule "mama mwenye nyumba". Anambwekea yeye, si sisi.

Kwenye gari mama akasema, "Hapa hatulipi." Nikabisha, maana moyo ulishahamia. Akaniambia simama pale stejini. Kijana wa boda akatuambia bila hata kuulizwa mara mbili: mke mwenye ile nyumba yuko Oman, anafanya kazi za ndani huko, kila mwezi alikuwa anatuma hela ya simiti, na yeye kijana ndiye aliyekuwa akibeba misumari na rangi. Yule wa gomesi? Hajawahi kumwona.

Nilimpigia bwana nikamwambia nimeghairi. Hakuuliza kwa nini.

MamaPacha
Mwili umenisisimka. CHUMVI!

Hajjati_Bombo
Mwenyezi Mungu amhifadhi mama yako.

Kijana_Kisenyi
Kwa hiyo kuna watu kazi yao ni kukodiwa wajifanye wake? Wanalipwa shilingi ngapi? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

Ssalongo_Mukono
Mimi nitasema ambalo hamtaki kusikia. Kyapa kina jina la mume. Nyumba ni ya mume. Mwanamke alitakiwa aandikishe jina lake alipokuwa anatuma hela.

Wakili_Mstaafu
Ssalongo, hapo umekosea. Sheria ya Ardhi ya 1998, ilivyorekebishwa 2004, haiangalii jina la nani liko kwenye kyapa. Ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki yake, huwezi kuiuza, kuiweka rehani wala kuipangisha bila mwenzio kuridhia. Hiyo ni kwa mume na kwa mke pia. Ukiuza bila ridhaa, mauzo hayana nguvu, na anayelia ni mnunuzi.

Ssalongo_Mukono
Na mizigo yangu ya kupangisha pale Seeta nayo nimwombe ruhusa?

Wakili_Mstaafu
Kama si makazi ya familia wala hamli kutokana nayo, ni habari nyingine. Kama mnakula kwa kodi ya hiyo mizigo, njoo ofisini kwanza, tusimalizie hapa.

MamaPacha
Ssalongo, mkeo anasoma humu?

Ssalongo_Mukono
Hana simu ya intaneti.

MamaPacha
Bambi, maskini.

Mzee_Walukuba
Niruhusuni nami. Sisi Jinja nyumba zetu ni za Wahindi, mtu akizijua hawezi kuvutiwa na hivi vijumba vya jipsamu. Dari juu kabisa, sakafu ya teraso inabaki baridi hata Februari, ua katikati, na mbele ya jengo mwaka wa kujengwa umeandikwa juu. 1972 Amin alipowafukuza, mali zao zikaingia chini ya Bodi ya Msimamizi wa Mali, na sisi tukawa wapangaji humo. Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo ukutani kulikuwa na kishubaka kidogo, mama aliweka Msahafu hapo.

Miaka ya tisini wenyewe wakaanza kurudishiwa. Siku moja akaja mzee na binti yake kutoka Uingereza. Hakugombana na mtu. Aliingia akagusa kile kishubaka, akamwambia binti kwa lugha yao, kisha akatueleza kwa Kiswahili kizuri kuliko chetu kwamba bibi yake alikuwa akiwasha taa pale. Baba akatoa Msahafu, mzee akamwambia aurudishe. Tulihama baadaye, kwa miezi aliyotupa, na hakudai malimbikizo. Sasa pale kuna duka la simu na kishubaka kimezibwa kwa simiti.

Kijana_Kisenyi
Mzee, shikamoo, nzuri sana. Lakini tulikuwa kwa mke wa kukodi. Kaka Ntinda, LC naye alijua?

Kaka_Ntinda
Sijui. Mhuri ulikuwa mbichi.

Dalali_wa_Kira
LC hajui kila mke. Ila mimi siku hizi kabla ya mhuri naongea na majirani wawili na mwenye kiosko. Mwenye kiosko anajua nani ananunua mkate wa nyumba hiyo.

Bwana_Decimal
Msisahau kupima! Mnauziwa futi "50 kwa 100" mnaambiwa ni decimal 13, decimal ni sehemu moja ya mia ya ekari. Pigeni hesabu: futi za mraba 5,000, decimal moja ni 435.6, unapata kama 11 na nusu. Leta mpima ardhi wako, si wa muuzaji, atafute mawe ya mpaka. Jirani yangu kisima chake kiko kwangu.

Nakku_wa_Kibanja
Mimi nawaambia kibanja, yaani kiwanja unachokalia juu ya ardhi ya mwenye mailo, msikiguse. Mwenye mailo akifa, watoto wake wanakuja na mabuldoza.

Ssalongo_Mukono
Mimi nimezaliwa kwenye kibanja, nalipa busuulu, kodi ya mwenye ardhi, nina risiti, na sijahamishwa. Ukinunua kibanja bila mwenye ardhi kuridhia, hapo ndipo unajitafutia. Usiwatishe watu.

Nakku_wa_Kibanja
Risiti ulizonazo za nani, za marehemu au za watoto?

Ssalongo_Mukono
Hayo si yako.

Hajjati_Bombo
Ushauri wangu: nendeni mvua ikinyesha. Nyumba wakati wa kiangazi zote ni bi harusi.

FundiRangi_Kawempe
Nendeni usiku. Mchana huwezi kusikia baa.

Ggaba_Landing
Nendeni 2020! Ziwa Victoria lilipopanda, jirani yangu aliyejenga ufukweni alivua tilapia sebuleni. Sheria inasema mita 200 kutoka ziwa, yeye aliwacheka waliomwambia.

Mkongo_wa_Nsambya
Na sisi tusio raia? Nimeambiwa naweza kununua mailo nikiandika jina la rafiki.

Wakili_Mstaafu
Usifanye hivyo. Asiye raia anapata hati ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Ukiandika jina la rafiki, nyumba ni ya rafiki.

Kijana_Kisenyi
Na ya mke wake.

MamaPacha
Tuache utani. Dalali, ile ya Namugongo uliyotaja wiki jana, yenye jiko kubwa, bado ipo?

Dalali_wa_Kira
Ipo nnyabo. Milioni 380, inazungumzika. Tangi la lita 5,000, kuingia ni barabara ya murram lakini haituami maji. Na kuja kuitazama ni bure, msiseme sina haya.

MamaPacha
Jumamosi nakuja. Kaka wa Ntinda, niazime mama yako.

Kaka_Ntinda
Yuko Arua anavuna simsim. Nauli ya basi juu yenu, na atataka chai.