Mjamzito wa Pate ahamie Amu kabla ya siku zake? Tujadiliane

Wifi wa Langoni

Asalaam aleikum. Nalileta hili hapa kwa sababu nyumbani limetugawa, na juzi mjomba ameinuka kwenye sinia hata hajashiba.

Mke wa kakangu yuko Siyu, kisiwani Pate, mimba ya tatu, mwezi wa nane. Kaka ni mvuvi. Mimi nasema aje Amu, yaani Lamu mjini kwenye hospitali, wiki tatu kabla, akae kwangu mtaa wa Langoni hadi ajifungue. Mavyaa yake, yaani mamangu mzazi, hataki kusikia. Asema yeye kazaa saba mikononi mwa mkunga na hakuna aliyemhamisha, sisi wa leo twaona kuzaa ni ugonjwa.

Sababu yangu ni ule uzazi wa pili. Mtoto alitoka salama, zalio (kondo la nyuma) likatoka, kisha damu ikawa haikatiki. Saa tano za usiku, maji yamekupwa, Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, umekauka. Mwenye boti wa kwanza hana petroli. Wa pili ataka pesa mkononi kabla ya kutia mashine majini. Kaka yuko baharini, simu haipatikani, na wazee waliokuwapo kila mmoja amngoja mwenzake aseme "mpelekeni". Waliondoka saa nane. Alipofika hospitali midomo ilikuwa nyeupe kama bafta. Alipona, Mungu mkubwa.

Linalonikera ni kwamba tulikuwa "tumejitayarisha". Neti ya mtoto, beseni, mafuta, leso mpya, udi, hata kuku wa supu. Vyote vilikuwa tayari mwezi mzima kabla. Boti hakuna aliyeifikiria.

Haya, ahame au asihame?

Mwana wa Faza

Pole kwa yaliyowapata, lakini mimi nasema asihame, na si kwa sababu za mamako. Wale watoto wawili atawaachia nani? Na hiyo tarehe ya kliniki ni makisio, wachache sana huzaa siku ile ile. Wiki tatu zitageuka tano. Wewe ni wifi yake, utamvumilia. Lakini mgeni ni mgeni, kuna siku atajiona mzigo na hatasema.

Tena kuna jambo hatulisemi. Kila jambo likitushinda, anayeambiwa asafiri ni mwanamke mwenye tumbo. Kwa nini daktari, dawa na boti ya usiku visije upande wetu? Pate si kijiwe cha kupumzikia ndege, ni kisiwa chenye miji. Tukishazoea kuhamisha wajawazito, hakuna atakayehisi haja ya kutuletea chochote.

Muuguzi

Nimezalisha visiwani na bara pia. Mwana wa Faza ana haki yake, ila mke huyu atazaa mwezi ujao, hawezi kungoja bajeti.

Katika wajawazito 100, takriban 15 hupata tatizo linaloweza kuua, na wengi wao hukuwaona na dalili yoyote mwanzoni. Ndiyo maana kumwambia mtu "wewe huna shida" ni kubahatisha. Huyu wenu hata wa kubahatishiwa si yeye. Aliyevuja damu uzazi uliopita yumo pamoja na waliopasuliwa, wenye mapacha, wenye presha, mtoto aliyetanguliza makalio, na waliozaa mara tano au zaidi. Hao kwangu mimi hawajadiliwi, wasogee karibu na chumba cha upasuaji. Damu ya baada ya kuzaa ikija kwa nguvu yaweza kummaliza mtu ndani ya saa mbili. Nyinyi mlingoja tatu. Hiyo yenu ilikuwa ya kuchirizika, mshukuru sana.

Kuna sindano ya oksitosini anayochomwa mama mara tu mtoto atokapo, ili mji wa mimba ujikaze. Inazuia damu nyingi sana. Lakini yataka kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na umeme wa visiwani mwaujua wenyewe. Kwa hiyo anayebaki nyumbani asiulize tu "zahanati iko wapi". Aulize friji inafanya kazi? Nani yuko zamu usiku?

Jingine, na hapa nawalenga wanaume. Kichwa kuuma kisipoe kwa dawa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba: hiyo ni presha ya mimba, na mwisho wake waweza kuwa kifafa cha mimba. Nimeletewa mama aliyeanguka mara tatu, nyumbani wanamsomea wakidhani ni jini. Someni, kusoma hakudhuru, lakini msomeeni mkiwa ndani ya boti. Na damu yoyote kabla ya uchungu, homa, chupa kuvunjika bila uchungu, au mtoto kuacha kucheza, msingoje asubuhi.

Nahodha Mstaafu

Wifi, uliposema saa tano usiku Mkanda mkavu nikajua ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka saa nne kwenda saa tano. Kila siku yasogea mbele kama dakika 50. Haya mvuvi yeyote ayajua, na kakako ayajua kuliko mimi. Anayajua kwa ajili ya jarife lake, wavu wake wa kuvulia. Kwa ajili ya mkewe hakuyapigia hesabu.

Nikiwa kazini nilikuwa nikimwambia mume: nipe mwezi wa kuzaa, nitakupa saa za kupita. Mkanda ukiwa mkavu yabaki kuzunguka nje ya Manda, na kusi ikivuma usiku, kwa boti ndogo, mimi mwenyewe ningekataa. Mwenye boti anayetaka pesa kwanza msimlaumu sana, petroli hainunuliwi kwa dua. Mlipeni nusu mapema, na dumu la petroli likae nyumbani kwa mjamzito, si kwake. Likikaa kwake litavulia samaki.

Mjukuu wa Mkunga

Nyanya yangu alikuwa mkunga Matondoni, na naona mwampita hapa kama kwamba hakuwapo. Wanawake hawamfuati mkunga kwa ujinga. Wanafuata sitara. Kwake hukuti mwanamume asiyekujua akiingia na kutoka huku miguu iko juu. Kwake utakandwa, zalio litazikwa kwa heshima. Nilizaa hospitali moja ambapo pazia lilikuwa nusu, na nilipolia nikaambiwa ninyamaze. Mnaotaka wahame, hilo pia liwekwe kwenye hesabu. Nyanya uzeeni mwake aliacha kuzalisha, akawa anawasindikiza tu mpaka wodini na kukaa nao. Walimkubali, tena walikwenda wasiokuwa wakienda.

Mwenye Duka

Pesa. Enzi za Linda Mama, ule mpango wa serikali wa uzazi wa bure, ulikwenda na kitambulisho, ukazaa bure. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, bima mpya ya afya ya serikali, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa mwaka mzima, si chini ya shilingi 3,600. Msiingoje siku ya uchungu. Nimeona mtu ajisajili kwa simu mlangoni pa wodi, mtandao hakuna.

Wifi wa Langoni

Nimesoma yote, mengine nimempelekea kaka. Lile la jarife limemchoma, Nahodha, hakujibu siku nzima.

Jana usiku alipiga simu, akaomba mama awekwe kwenye spika mbele ya wazee. Akasema: ikitokea jambo na mimi siko, msinitafute, mpelekeni, ruhusa nimeshaitoa. Mambo ya pesa amemwachia ndugu yetu mdogo, na wawili katika sisi tumepima damu tukajua makundi yetu, ili tumtolee ikihitajika. Kwangu mimi hilo limetangulia hata suala la kuhama.

Kuhama nako mama ameregea, kwa sharti kwamba na yeye aje, na mkunga wake aje, na watoto wote wawili. Chumba changu ni kimoja. Nimesema karibuni.

Muuguzi

Mashallah. Mje na kitabu cha kliniki, si kukiacha Siyu.

Mwana wa Faza

Nafurahi, kwa dhati. Ila Ethiopia na Malawi wana nyumba za kungojea uzazi karibu na hospitali, mjamzito hukaa na hana haja ya kumtegemea jamaa. Wa Kizingitini, wa Ndau, wa Kiwayu asiye na wifi Langoni, mwamwambia afikie wapi?