Traksuti ya lebo kubwa: bei inalipia nini hasa?

Mkaazi_wa_Umoja
Wadau, seti ya traksuti ya lebo ya Ulaya inauzwa shilingi 45,000 huko Westlands, Nairobi. Pale soko la mitumba la Toi, nikichagua vizuri, napata nzito isiyozidi 3,000. Tofauti iko kwenye kitambaa au ni jina tu? Naitaka ya wikendi na baridi ya Julai, si ya kukimbilia.

FundiCherehani
Kitambaa ni sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Nguo mpya ikitoka nje hutozwa ushuru wa forodha 35%, VAT 16% ikaja juu yake, na hapo bado pango la duka, matangazo na faida. Hakuna hata kimoja kinachoongeza uzi kwenye suruali.

Igeuze ndani nje. Shika mshono wa msamba pande zote mbili uvute. Nyuzi zikiachana kama ngazi na mwanga ukapenya, siku utakayochuchumaa utafumuka. Unataka ovaloki (mshono unaofunga kingo za kitambaa) ya nyuzi nne, mishono ikiwa imekaribiana. Kisha vuta ribu ya mkononi, ule ukingo unaonyumbulika, na uiachilie. Ikirudi palepale, huenda ina spandeksi, uzi wa kunyumbulika. Ikizubaa, mkono utapwaya baada ya kufuliwa mara chache, hata kama jina lililotariziwa kifuani ni kubwa namna gani.

Kwa Julai tafuta pamba yenye manyoya ndani, gramu 300 hadi 380 kwa mita ya mraba. Lebo nyingi haziandiki kipimo hiki, kwa hiyo tumia mzani wa jikoni: hudi ya saizi ya kati ya uzito huo hukaribia gramu 600 au kuzidi.

Kamera_Tupu
Fundi amesema kweli. Kwa mtumba, ongeza kukagua magoti, makalio na kwapa. Vinundu vikishaota hapo, achana nayo: nyuzi fupi za pamba zimechomoka, na poliesta iliyochanganywa nazo ni imara, inavishikilia visidondoke. Kunyoa kwa wembe kunapunguza tu unene wa kitambaa. Fika belo (furushi la mitumba) linapofunguliwa, kabla kamera, yaani zile nguo bora kabisa, hazijachaguliwa.

Mkaazi_wa_Umoja
Shukrani sana. Na kama lebo ya ndani imekatwa, nitajuaje ni pamba?

FundiCherehani
Ukishanunua, chomoa uzi wa kitambaa chenyewe kwenye pindo la ndani (usichukue wa kushonea, huo mara nyingi ni poliesta) uuchome juu ya sahani. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikawa kijidonge kigumu cheusi. Ukipata vyote viwili, ni mchanganyiko, na mchanganyiko wenye pamba nyingi si mbaya: hukauka upesi kuliko pamba tupu. Ifue kwa maji baridi ikiwa ndani nje, uianike kivulini ikiwa imelazwa. Ukiitundika mabegani ikiwa imelowa, uzito wa maji utairefusha.